Kivuli Kabla ya Lenta

(Mhadhara wa wazi uliotolewa Temeke, Dar es Salaam, mbele ya wakazi, mafundi na wanafunzi wa usanifu majengo)

Najua kwa fundi Jumamosi ni siku ya malipo, na kwa mwenye nyumba ni siku ya kwenda kukagua saiti. Kufika kwenu hapa asubuhi hii kumewagharimu kitu, kwa hiyo sitazunguka.

Nimekuja kusema jambo moja. Mtu anayeongeza chumba, anayebomoa ukuta wa mbele ili kupanua sebule, au anayerudi kumalizia boma lililosimama miaka mitatu bila paa, aamue kivuli cha kila dirisha kabla lenta haijamwagwa. Akichelewa hapo, kila kinga atakayoweka baadaye itakuwa ghali zaidi au dhaifu zaidi, na mara nyingi vyote viwili. Kwa wanafunzi ambao bado hawajashinda saiti: lenta ni ule mkanda wa zege na nondo unaopita juu ya milango na madirisha kuzunguka nyumba. Fundi akishaumwaga, nyumba imeshaamua mambo mengi ambayo mwenye nyumba anadhani bado yanasubiri fedha.

Kwa nini tulizungumze sisi, watu wa pembezoni? Kwa sababu Dar es Salaam inajengwa huku. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika mkoa huu. Ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Milioni moja ya ziada katika miaka 10, na sehemu kubwa ya nyumba zao imeota Bunju, Mabwepande, Wazo, Mbagala, Chamazi na Toangoma. Wengine mlipata viwanja kwenye Mradi wa Viwanja 20,000 ulioanza 2002, wengine mlinunua kwa mtu, mkaandikishiana mbele ya mjumbe. Mlikopata tofauti, lakini namna ya kujenga ni moja: msingi mwaka huu, boma mwaka ujao, kupaua pesa ikipatikana, kuhamia madirisha yakiwa yamezibwa kwa mabanzi, kisha kuongeza chumba mtoto wa dada akija kusoma. Kwetu nyumba haina siku ya kwisha. Ukarabati na ujenzi ni safari ileile, na hii ni bahati, maana kila hatua inatupa nafasi ya kurekebisha. Nafasi hiyo tunaipoteza kwa kulikumbuka jua siku ya kununua mapazia.

Hoja ya kwanza: jua letu lina ratiba, na ratiba hiyo inajulikana.

Mji wetu uko karibu nyuzi 7 kusini ya ikweta. Jua la mchana, basi, halikai upande mmoja mwaka mzima. Kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi karibu na tarehe 10 Oktoba linapita upande wetu wa kaskazini. Miezi iliyobaki linapita kusini. Katika tarehe hizo mbili za mpaka, muda mfupi baada ya saa 6 mchana, nguzo iliyosimama wima inakaribia kukosa kivuli kabisa. Mwezi Juni, jua linapokuwa limetuacha mbali kuliko wakati wowote, kimo chake cha mchana ni nyuzi 60 hivi upande wa kaskazini. Desemba ni nyuzi 73 hivi upande wa kusini. Vyote ni vimo vya juu, na jua la juu ni rahisi kulizuia.

Tuliweke kwenye futi ya fundi. Chukua bamba la zege lililotokeza sentimita 60, likae juu kabisa ya dirisha linalotazama kaskazini. Mchana wa Juni litatupa kivuli cha mita moja na kidogo kuteremka chini. Bamba hilohilo kwenye dirisha la kusini, mchana wa Desemba, litatupa kivuli cha mita mbili. Maana yake dirisha la kawaida la kimo cha mita 1.2 linahitaji kama sentimita 70 kaskazini, na kusini hata 40 zinatosha. Asubuhi na alasiri jua huingia kwa ubavu, kwa hiyo bamba lipite dirisha angalau sentimita 30 kila upande.

Mashariki na magharibi hali ni nyingine. Mwezi Machi, saa 10 alasiri, jua limeshashuka hadi nyuzi 37 hivi. Kulifunika lile dirisha letu la mita 1.2 kwa bamba la juu peke yake, unahitaji litokeze zaidi ya mita moja na nusu. Saa 11 jioni unahitaji karibu mita tatu. Hakuna anayejenga bamba la mita tatu juu ya dirisha la chumba cha kulala. Na jua hilo la magharibi linakuja wakati hewa, bati na kuta vimeshapata moto tangu asubuhi. Kwa hiyo dirisha la magharibi lina dawa yake, nitaifikia.

Mtu ataniuliza: nitajuaje kaskazini, na viwanja vyetu vya Yombo na Mbagala vimekaa kila kimoja na upande wake? Angalieni msikiti wa karibu. Makka iko karibu kwenye longitudo moja na Dar es Salaam, kwa hiyo kibla chetu kinaelekea kaskazini, kwa tofauti ndogo ambayo mjenzi hana haja ya kuihesabu. Mihrabu iliyojengwa sawasawa inaonyesha kaskazini. Mkono wako wa kushoto, ukiwa umeielekea mihrabu, ndiko magharibi, ndiko adui wa chumba chako anakotokea saa 10.

Hoja ya pili: joto la jua lizuiwe likiwa nje ya kioo.

Kioo cheupe cha kawaida hupitisha sehemu kubwa ya jua linalokigonga. Jua hilo likishaingia linapiga sakafu, kitanda, kabati na pazia. Vitu hivyo vinapata moto, navyo vinatoa joto la aina ambayo kioo hakiiruhusu kutoka kirahisi. Jua la alasiri linapogonga kioo uso kwa uso linaweza kuleta zaidi ya wati 500 kwa kila mita ya mraba. Dirisha la magharibi la mita mbili za mraba, basi, ni kama kuchomeka pasi ya umeme chumbani na kuiacha inawaka mpaka magharibi.

Pazia zito linasaidia macho. Mwili haliusaidii sana, kwa sababu limelipokea joto likiwa tayari ndani. Nendeni leo mkaliguse pazia la dirisha la magharibi saa 11 jioni, upande wa kioo, kisha mguse ukuta wa ndani wa chumba hichohicho. Mkono wenu utamaliza ubishi. Vioo vya rangi navyo, vile vyeusi tunavyovipenda, hunywa jua na kupata moto vyenyewe, kisha vinaugawa, sehemu ndani, sehemu nje. Na vinatufanya tuwashe taa saa 8 mchana. Kiyoyozi kinafanya kazi, sikatai. Lakini kiyoyozi katika chumba kisicho na kivuli kinalipwa uniti za LUKU ili kitoe joto ambalo dirisha lileile linaendelea kuliingiza. Kwanza ziba tundu la jua. Baada ya hapo pangaboi litatosha nyumba nyingi, na mwenye kiyoyozi atanunua kilicho kidogo zaidi.

Hoja ya tatu, na hapa ndipo nitakapokaa: lenta.

Bamba la zege juu ya dirisha halisimami lenyewe. Limeshikwa na nondo zinazotoka ndani ya lenta. Nondo hizo zinafungwa pamoja na nondo za lenta, na zege linamwagwa kwa pamoja, siku moja. Siku hiyo gharama ya bamba ni mbao chache za kufungia, mirunda ya kuegemeza, nondo kidogo na ndoo za zege ambalo tayari linachanganywa. Subiri mwaka mmoja, nyumba ikiwa imepigwa plasta na kupakwa rangi, kisha mwambie fundi unataka kivuli: atachimba lenta atafute nondo za kushikiza, au atachomelea vyuma ukutani na kupigilia bati. Chuma hicho kwa chumvi ya hewa yetu ya pwani kitaanza kutoa kutu, na kutu itachora michirizi chini ya kila dirisha. Mbweni na Boko mmeshaona.

Sasa nizungumze na mafundi, na wenye nyumba msikilize kwa sababu ninyi ndio mtakaosimama pale kukagua. Bamba linalotokeza hewani lina tabia yake. Katika zege lililoegemea kuta mbili, mvutano uko chini, na ndiyo maana tumezoea kulaza nondo chini. Bamba lililoshikwa upande mmoja tu linataka kuinama kwenda chini kwenye ncha, na mvutano wake uko juu. Nondo kuu lazima zikae juu, na ziingie ndani ya lenta zikiwa zimepinda na kufungwa. Nimepita saiti nyingi nikakuta nondo za bamba zimelazwa chini kabisa, zimegusa mbao, kwa mazoea ya kumwaga jamvi. Bamba la namna hiyo linaweza kukaa miezi likionekana zima, kisha likapata ufa pale linapokutana na ukuta. Mtoto hukaa chini ya dirisha hilo akicheza. Fundi, weka vitofali vidogo vya saruji au viti vya nondo ili nondo za juu zisikanyagwe wakati wa kumwaga. Mwenye nyumba, usiruhusu ndoo ya kwanza ya zege kabla hujaziona nondo hizo zikiwa juu kwa macho yako.

Halafu mirunda. Bamba halitolewi mirunda kwa sababu tu lenta imekauka kwa macho. Linahitaji uzito wa kozi za tofali juu ya lenta kulikandamiza upande wa ndani. Jengeni kozi hizo kwanza, lipeni zege muda wake, mwagilieni maji, ndipo muiondoe mirunda. Juu ya bamba wekeni mteremko mdogo kwenda nje, na chini, karibu na ncha, chimbeni mfereji mwembamba kama kidole kwa urefu wake wote. Mfereji huo unayakata maji ya mvua yadondoke, badala ya kutambaa hadi ukutani na kuingia juu ya fremu ya dirisha. Ni kazi ya dakika chache wakati mbao bado zimefungwa: unapigilia mche mwembamba wa ubao ndani ya fomu, unauondoa baadaye.

Je, bamba la zege pekee ndilo kivuli? Hapana. Kwa nyumba ya chini, kivuli cha kwanza ni paa lenyewe. Paa likitokeza vizuri kupita ukuta, upenu wake unafunika dirisha na ukuta pia, na ukuta wa tofali za saruji uliofunikwa haurudishi joto ndani usiku. Lakini hata upenu unaamuliwa mapema, kwa sababu urefu wa kenchi unakatwa kwa kipimo, na seremala aliyepewa kipimo kifupi hawezi kurefusha kwa fisha bodi. Na kenchi ndefu zifungwe chini kwa vyuma au waya imara hadi kwenye lenta. Kimbunga Hidaya kilichofika pwani yetu Mei 2024 kilitukumbusha kwamba upepo unaweza kuingia chini ya upenu na kuunyanyua.

Kwa madirisha ya magharibi, dawa niliyoahidi ni kinga ya kusimama. Jua linalokuja kwa chini huzuiwa na kitu kilichosimama mbele yake: kuta nyembamba za pembeni zinazotokeza kando ya dirisha, ukuta wa tofali za maua unaoacha upepo upite, shata ya mbao ya nje, au kibaraza kizima chenye paa upande huo. Bora zaidi, usiweke dirisha kubwa magharibi kabisa. Upande huo upe choo, stoo, jiko, ngazi. Anayeongeza chumba ana uhuru huo kwenye karatasi. Akishapandisha tofali hana tena.

Na mti. Tunajenga polepole kwa sababu fedha zinakuja polepole, na hapo mti unatupatia faida ambayo mjenzi wa haraka hana. Mwarobaini uliopandwa siku ya kuchimba msingi, mita tano hivi kutoka ukutani upande wa magharibi, utakuwa umepita kimo cha dirisha kabla hujapata fedha ya aluminiamu. Mkungu unatandaza matawi vizuri, ila mizizi yake itanyanyua peving zako, kwa hiyo upeleke mbali zaidi. Miashoki wengi wanaidharau kwa kuwa haina mwavuli. Kwa jua la chini la jioni mstari wake mnene unafanya kazi nzuri.

Kabla sijaondoka kwenye hoja hii, niwape kipimo kisichohitaji mtaalamu. Boma likiwa limefika usawa wa juu wa madirisha, kabla ya kufunga mbao za lenta, chukua ubao wenye upana wa sentimita 60, uutokeze juu ya tundu la dirisha, uuegemeze kwa mirunda. Kaa uone kivuli chake saa 3 asubuhi, saa 6 mchana, saa 10 alasiri. Chora kwa chaki ndani ya boma, kwenye sakafu, mahali ambapo jua limefika. Fanya hivyo kwa kila dirisha. Utakuwa umechora ramani ya joto la nyumba yako kwa siku moja, na kama kuna dirisha la kuhamisha, bado ni tofali tu. Kumbuka lakini kwamba siku hiyo moja ni ya mwezi huo tu. Kama umepima Julai, upande wa kusini utaonekana salama kuliko utakavyokuwa Januari.

Hoja ya nne: chumba kipya kisiliue dirisha la zamani.

Mwalimu mmoja mstaafu wa Chamazi alinialika nyumbani kwake. Alikuwa ameongeza chumba kwa ajili ya mama yake, akakibandika ubavuni, upande wa magharibi, kwa sababu ndiko kiwanja kilikobakiza nafasi. Chumba kipya kilikuwa na dirisha pana la slaidi lililotazama jua la jioni bila kitu juu yake, kwa sababu paa lake dogo la mgongo mmoja lilikuwa limeshushwa chini ya paa la zamani na kukatwa sawasawa na ukuta. Bibi huyo alikuwa amebandika maboksi ya kadibodi kwenye vioo, na juu ya pazia ametundika khanga mbili. Saa 12 jioni hakuwa chumbani. Godoro lake lilikuwa limeletwa ukumbini.

Lakini hasara kubwa zaidi ilikuwa kwenye nyumba ya zamani. Chumba cha watoto, kilichokuwa na dirisha magharibi, sasa dirisha lake lilifungukia ndani ya chumba cha bibi. Hapakuwa na upepo wala mwanga. Familia ilijenga chumba kimoja na kupoteza kimoja. Tungekaa na karatasi kabla ya msingi, tungekisogeza chumba kile mita mbili, tukaacha ukumbi mwembamba wazi katikati, na paa la ukumbi huo likawa kivuli cha madirisha ya pande zote mbili.

Onyo hilo nalirudia kwa wanaojenga fremu za biashara mbele ya nyumba, kama tunavyofanya kando ya barabara za Mbagala. Fremu inaleta kodi, sikatazi. Ila kila ukuta mpya unaosimama mbele ya dirisha uulizwe: upepo wa kaskazi, unaotupoza Desemba hadi Machi, ulikuwa unapita hapo? Na wa kusi, kuanzia Aprili? Chumba kikikosa pepo zote mbili, kivuli peke yake hakitakiokoa, maana joto letu lina unyevu, na mwili wenye jasho unahitaji hewa inayotembea.

Hoja ya tano ni fupi. Kivuli, grili, nyavu na mvua vipangwe pamoja. Grili ikiwekwa nje ya fremu, umejifungia njia ya shata ya nje milele. Ikiwekwa ndani, umeiacha wazi. Dirisha la slaidi linafunguka nusu tu ya upana wake, la bawaba linafunguka lote. Nyavu hupunguza upepo zaidi. Na masika yakianza, dirisha lisilo na kivuli hufungwa kwa sababu maji yanaingia, kwa hiyo familia inalala bila hewa Machi na Aprili, usiku wa jasho jingi. Bamba la sentimita 60 linakuruhusu kulala dirisha likiwa wazi huku mvua isiyo na upepo mkali inanyesha.

Hoja ya sita inahusu urembo, kwa sababu najua baadhi yenu mmekaa mkiwaza: nyumba za kisasa hazina hivyo vitu.

Tazameni mji huu ulivyojengwa na watu waliojua. Nyumba ya Kiswahili ya Magomeni, Ilala na Temeke ilikuwa na paa la migongo minne lililoteremka hadi juu ya baraza, dirisha la mbao likiwa ndani ya kivuli chake. Majengo ya miaka ya 1960 ya Chuo Kikuu pale Mlimani yana korido za wazi na kinga za zege mbele ya vioo. Anthony Almeida, aliyezaliwa hapahapa Dar es Salaam na kusomea usanifu Bombay, alizifanya kinga za zege kuwa uso wenyewe wa majengo yake, akatumia jua kama kalamu ya kuchora vivuli ukutani. Beda Amuli, katika Soko la Kariakoo lililofunguliwa 1975, alisimamisha miavuli mikubwa ya zege iliyopinduliwa, ikatoa kivuli na kukusanya maji ya mvua kwa pamoja. Hawa walikuwa wasanifu wa kisasa kwa kila maana. Waliuona usasa katika kumfanya mtu akae vizuri mahali alipo.

Paa lililofichwa nyuma ya ukuta, ambalo sasa linapendwa kuanzia Goba hadi Kijichi, linatoa umbo safi, na mwenye fedha zake ana haki ya kulitaka. Lakini paa hilo limeondoa upenu. Mchoro uliouondoa upenu unawajibika kuurudisha kwa njia nyingine: mabamba juu ya kila dirisha, fremu za zege zinazolizunguka dirisha na kutokeza nje, madirisha yaliyorudishwa ndani ya ukuta mnene. Vitu hivi vinapendeza sana vikichorwa na mtu mwenye jicho. Nawaomba wanafunzi mliopo muichukue kazi hiyo: mchoreeni mteja wa Bunju nyumba anayoiota, yenye mistari iliyonyooka, ambayo saa 10 alasiri haimtoi chumbani.

Kuhusu gharama sitasema mengi. Mwenye fedha kidogo asikae akingoja kufunika madirisha yote. Aanze na ya magharibi na vyumba vya kulala. Kama hata hilo haliwezekani msimu huu, basi aache nondo zimechomoza kutoka kwenye lenta, zimepakwa saruji nyembamba na kufunikwa zisipate kutu, na bamba limwagwe baadaye. Gharama ya leo ni vipande vya nondo tu.

Ndugu zangu, yako mambo matatu yaliyo mbele yetu ambayo naona yanawezekana kabla ya kiangazi kijacho. La kwanza ni la manispaa zetu. Kibali cha ujenzi kinapoombwa, hata cha kuongeza chumba, mchoro uonyeshe upande wa kaskazini na kipimo cha kivuli cha kila dirisha. Mstari mmoja kwenye fomu unatosha kumfanya mchoraji afikirie. La pili ni la vyuo vya ufundi. VETA Chang'ombe iko jirani yetu. Wanaojifunza uashi pale wamwage bamba moja la kivuli kwa mikono yao, nondo juu, mfereji wa maji chini, na mwalimu alivunje mbele yao waone lilivyoshikilia. Fundi aliyeliona likivunjwa hatalaza nondo chini tena. La tatu ni la wenyeviti wa mitaa. Ninyi mnapita kila siku mkiona boma jipya linafika usawa wa dirisha. Simameni, mwulizeni mwenye nyumba kama ameshapima jua. Swali hilo linauliziwa barabarani, halina ada.

Wenzangu na mimi tumeandaa michoro ya dirisha moja la kaskazini, moja la kusini na mawili ya magharibi, yenye vipimo na mpangilio wa nondo. Nakala ziko mezani pale mlangoni, na kila mwenyekiti wa mtaa achukue za kutosha mafundi wake. Wenye maboma yaliyofika usawa wa madirisha waandike majina na mitaa yao kwenye daftari lililo kando ya michoro. Wanafunzi watapangwa wawili wawili kuja kupima nao kwa ubao na chaki. Nimeambiwa tuna nusu saa ya maswali. Naomba tuanze na mafundi.